Mtoto laini kama mlenda, makofi ya nini?

Jumamosi nimeenda kumchukua mtoto wa dada angu kwenye mazoezi ya dansa, ana miaka 11, nakuta wenzake wamemzunguka wanapiga makofi, kapiga msamba mpaka chini halafu mwalimu kamkandamiza mabega eti "aingie zaidi". Aingie wapi tena jamani, si keshafika sakafuni?

Huyu binti akisimama tu magoti yanarudi nyuma kama upinde. Kuna kipimo cha ulegevu wa viungo kinaitwa Beighton, pointi 9, moja kwa kila kinachopinda kupita kawaida: vidole vidogo viwili, gumba mbili, viwiko viwili, magoti mawili, na ya mwisho unainama viganja viguse chini bila kukunja goti. Mtu mzima akifika 5 anahesabiwa viungo vyake vinalegea kupita kawaida, mtoto ambaye hajabalehe mpaka 6, maana watoto kiasili ni laini. Nikampima mwenyewe jikoni, akapata 8. Kiwiko kimoja tu ndo kiligoma, kile alichovunja alipodondoka mwembeni.

Sasa watu wanaona kipaji, na jukwaani kweli anapendeza, ila mimi naona nusu kipaji nusu deni. Kano zinazoshika mfupa na mfupa kwake zinanyooka mno, kwahiyo kazi ya kushika goti inabaki kwa misuli, alafu hata ubongo unachelewa kujua kiungo kimefika wapi. Nilimwambia asimame mguu mmoja afumbe macho, sijafika hata tano keshashika sinki! Mtoto kama huyo kumvuta zaidi ni sawa na kuvuta lastiki ya bukta iliyokwisha legea. Anachotaka ni nguvu: kupanda na kushuka kwa ncha za vidole pole pole, kuchuchumaa na kuinuka bila kuliachia goti lirudi nyuma, na kujifunza kukomea kabla kiungo hakijafika mwisho wake.

Na msiseme dansa ndo mbaya. Jirani yetu ana kijana wa miaka 8, hachezi chochote, nae nilimpima akapata 7, yeye hapigiwi makofi, shuleni anaitwa mvivu maana penseli inamchosha vidole mwandiko unaharibika, na usiku analia miguu mama ake anamchua mafuta. Viungo ni vilevile, ila yule wa dansa angalau ana misuli. Ningekuwa mimi huyu kijana ningempeleka mazoezini kesho. (Wapo wengi tu walegevu na hawaumwi popote, hao waacheni, ila bega likianza kuteguka lenyewe au maumivu yakawa ya kila siku, muoneni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.)

Mwalimu nilimwambia, akacheka, "dada ukimwachia atakakamaa." Akakamae kidogo basi! Jumamosi hii naenda na kigoda changu, nakaa palepale mlangoni.