Jeni na Malaria Kali: Kinga ya Kurithi Ina Uzito Gani?

Watoto wawili wa rika moja, wanaoishi jirani na kuumwa na mbu walewale, wanaweza kuambukizwa vimelea vilevile vya Plasmodium falciparum, lakini mmoja akapata homa ya siku chache na mwenzake malaria ikampanda kichwani, akashikwa na degedege na kupoteza fahamu. Umri, lishe na kuchelewa kwa tiba hueleza sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu nyingine imo katika damu waliyorithi, na mjadala uliopo ni juu ya uzito tunaopaswa kuipa sehemu hiyo.

Wanaoipa uzito mkubwa huanza na selimundu, hali ya kurithi inayobadilisha umbo la chembe nyekundu za damu, na wana haki ya kufanya hivyo. Mwaka 1954 daktari na mtafiti Anthony Allison alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa Afrika Mashariki, yaliyoonyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Tafiti zilizofuata zimethibitisha kwamba hatari ya malaria kali kwa mtu wa aina hiyo hupungua kwa takriban asilimia 90, kiwango ambacho chanjo za malaria zinazotumika leo hazijakifikia. Watu wenye kundi la damu O nao wana nafuu, ingawa ndogo zaidi, kwa kuwa chembe nyekundu zilizoambukizwa hazishikamani kwa urahisi na chembe zenzake na kuziba mishipa midogo.

Ushahidi unaonivutia kuliko huo unatoka Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kundi adimu la damu liitwalo Dantu linapatikana kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi ya watafiti waliochukua damu ya watoto wa huko na kuitazama kwa darubini yenye kamera. Kimelea huifikia chembe nyekundu, huinata, hujigeuza mpaka ncha yake iguse utando, kisha hujisukuma ndani. Kwenye chembe zenye Dantu kazi hiyo mara nyingi ilikwama, kwa sababu utando wake umekazwa kuliko kawaida. Tena, hata chembe za watu wasio na Dantu, zilipokuwa na utando uliokazwa kupita kiwango fulani, zilipenywa kwa nadra. Hapo jeni ya wachache imefichua udhaifu wa kimelea unaoweza kutafutiwa dawa kwa ajili ya watu wote, na kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande huu.

Upande wa pili una hesabu ambazo haifai kuzikwepa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, pia wa Kilifi, ulikadiria kwamba urithi hueleza karibu robo tu ya tofauti kati ya watoto katika kulazwa hospitalini kwa malaria, na kwamba selimundu peke yake huchangia takriban asilimia 2. Haya hayapingani na ile asilimia 90: kinga ni kubwa kwa aliye nayo, lakini wenye nayo ni wachache, hivyo mchango wake kwa jamii nzima unakuwa mdogo. Kilichosalia ni mazingira, makazi, huduma za afya na bahati. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019, uliohusisha watu zaidi ya 17,000 kutoka nchi 11, ulionyesha pia kwamba jeni zinazofahamika hueleza sehemu ndogo tu ya huo urithi wenyewe.

Gharama nayo ni ya kweli. Mtoto anayerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa mzito wa maisha, na malaria ni miongoni mwa hatari kubwa kwake. Kinga hizi hazijumlishiki pia: selimundu ya mzazi mmoja na thalasemia ya alfa, hali nyingine ya kurithi ya damu, kila moja hulinda, lakini zikikutana kwa mtu mmoja, sehemu kubwa ya ulinzi hupotea. Na kimelea hakikai kikisubiri. Mwaka 2022 watafiti waliolinganisha jeni za watoto wagonjwa wa Gambia na Kenya na jeni za vimelea vilivyowaambukiza walikuta aina za vimelea zinazoonekana kuikwepa kinga ya selimundu.

Pande zote mbili, nadhani, hukosea zinapotenganisha jeni na kinga ambayo mwili hujifunza. Huko Kilifi, kinga ya selimundu dhidi ya malaria isiyo kali ilikuwa karibu asilimia 20 kwa watoto wa chini ya miaka 2, ikapanda hadi asilimia 56 walipofikia miaka 10. Jeni haikubadilika katika muda huo. Inaelekea kwamba iliusaidia mwili kujenga kinga yake upesi zaidi. Nchini Burkina Faso, Wafulani wameonekana kuwa na vimelea vichache na kingamwili nyingi kuliko majirani zao Wamossi, ingawa jeni ya selimundu si nyingi zaidi kwao.

Kwa hiyo sioni sababu ya kupima jeni za kila mtoto ili kutabiri nani ataugua sana, wala ya mtu mwenye kundi O kuacha chandarua. Upo hata hivyo upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambao humfanya mgonjwa apasukiwe na chembe nyekundu anapopewa dawa ya primakwini inayoua vimelea vya Plasmodium vivax, aina nyingine ya vimelea vya malaria, vilivyojificha kwenye ini. Kipimo cha upungufu huo hubadilisha uamuzi wa daktari siku hiyohiyo, nacho kinastahili kuwepo kila mahali dawa hiyo inapotolewa.