Nipeni Pini, Dakika Tano Tu

Mke wangu aliuliza swali la kistaarabu kabisa: "Baba, mbona intaneti inasuasua?" Mtu mwenye akili timamu angejibu "sijui". Neno moja, herufi tano, angerudi kulala. Mimi nikakohoa, nikapandisha suruali, nikasema: "Hiyo ni ruta tu. Nipeni pini, dakika tano."

Pini ya nini? Nyuma ya ruta, kile kisanduku kinachotugawia intaneti, kuna kitundu kidogo kilichoandikwa "reset". Aliyeitengeneza angeweza kuweka kitufe cha kidole, lakini amekizamisha ndani makusudi ili watu wa aina yangu wasikifikie. Sikulielewa fumbo hilo. Nilidhani kazi yake ni kuzima na kuwasha, ila kwa ufundi zaidi. Nikachomeka pini, nikahesabu hadi kumi kama refa aliyemwinamia bondia. Taa zote zikazima, kisha zikaanza kurudi moja moja. Nikawageukia watu wangu kwa uso wa daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

Zilirudi zote isipokuwa moja, ile yenye alama ya dunia. Hiyo ilikuwa nyekundu.

Ndugu zangu, kuzima na kuwasha ruta ni kumwamsha mtu usingizini. Kubonyeza kile kitundu ni kumpiga rungu la kisogo hadi asahau jina lake, jina la mama yake na njia ya kwenda kwao. Ruta yetu ilisahau jina la waifai na paswedi yake, na ikasahau pia yale maneno ya siri inayojitambulisha nayo kwa kampuni ya intaneti, ambayo mimi sikujua kama yapo. Watoto wakaanza kutoka vyumbani mmoja mmoja, simu mikononi, wakinitazama. Sijawahi kuiona familia hii ikikusanyika haraka vile.

"Hakuna shida," nikasema, "naiseti upya. Maelekezo yapo."

"Wapi?" akauliza binti yangu.

Yapo kwenye intaneti.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nadhani walikuwa wanaizungumzia stika ya ruta. Imebandikwa tumboni, na ndiyo yenye jina na paswedi za kuanzia. Maandishi yake ni ya ukubwa wa mguu wa sisimizi, na aliyeyaandika alichagua kwa makini herufi zinazofanana: hii ni O au sifuri? Hii ni l ndogo au I kubwa? Nikainama, nikavua miwani, nikavaa miwani. Binti akapiga picha kwa simu, akaikuza. Nikamwambia nilikuwa karibu kufanya hivyohivyo.

Nikachukua waya, nikaunganisha laptopu. Nyuma ya ruta kuna matundu manne yaliyopangana na moja la rangi tofauti lililojitenga. Nikalichagua lililojitenga, lilionekana la heshima. Kumbe hilo ndilo la WAN, la waya unaotoka nje, nami nilikuwa nimeuchomoa waya wenyewe ili nipate nafasi. Laptopu ikasema ina anwani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao: 169.254 na mkia wake. Nikashangilia. Binti akanishika bega: hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikiomba kwenye mtandao na kukosa wa kuijibu. Yaani imebisha hodi, hodi, hodi, kimya, ikaamua kujikaribisha. Niliionea huruma.

Tukarudisha kila waya kwake. Kwenye kivinjari nikaandika 192.168.1.1, anwani ya ruta yenyewe, nikajisikia mwenye nyumba. Nikamwambia mwanangu wa mwisho aikariri, ndiyo anwani yetu duniani. Dada yake akamsahihisha mbele yangu. Namba zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa waraka wa mwaka 1996 zitumike ndani tu, kila mwenye ruta anaweza kuwa nazo, na huko nje hazina maana. Ni sawa na jina "Baba". Humu ndani likiitwa naitika mimi. Toka nje uliite uone wangapi wanageuka. Sababu yenyewe ni uhaba: anwani za mtindo huu, ziitwazo IPv4, kwa jumla ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Kwa hiyo ruta inapewa anwani moja ya nje, nasi sote tunatoka kwa mgongo wake. Nilitamani kuuliza haya kayajulia wapi, lakini baba haulizi.

Ukurasa ukafunguka. Jina la mtumiaji: admin. Paswedi: admin. Ruta za siku hizi kila moja huja na paswedi yake, ila hii yetu ni ya zamani. Hebu fikiria: lango la nyumba nzima limefungwa, na ufunguo umening'inizwa kwenye kitasa. Hilo nililibadilisha papo hapo, na ndilo jambo pekee la maana nililolifanya siku ile.

Kisha likaja swali: aina ya muunganisho wa WAN. Machaguo ni matatu. DHCP, yaani kaa utulie, utapewa anwani. Nikakaa, nikatulia, sikupewa. Anwani ya kudumu, ambayo unataka uandike mwenyewe mistari ya namba uliyopewa na kampuni. Mimi sikupewa hata mmoja. Na PPPoE, ambayo ina mlinzi mlangoni anayetaka jina na paswedi. Nikaandika jina langu. Akakataa. Nikaandika la mke wangu. Akakataa. Nikaandika admin, kwa mazoea. Nadhani yule mlinzi alicheka.

Chini yake kuna kisanduku cha MTU, yaani ukubwa wa mzigo mmoja wa data, chenye namba 1492. Huo ni mwaka ambao Christopher Columbus alitweka matanga kwenda kutafuta Asia, akatokea Bahamas, akasisitiza kuwa amefika. Nikasema ruta hii inanitania. Hapana, kumbe ni hesabu: mzigo mmoja wa data kwenye waya hubeba baiti 1500, PPPoE inachukua 8 kwa bahasha yake, zinabaki 1492. Nilitaka nirudishe 1500 tupate zaidi. Binti akaweka kiganja juu ya kipanya.

Kulikuwa na kitufe cha "Msaada". Nikakibofya. Kikaniambia: hakuna muunganisho wa intaneti.

Basi nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki, kisha sauti ya dada mpole: "Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimefanya zaidi ya hapo."

Kimya kidogo. "Kaka... umebonyeza kile kitundu?" Aliuliza kwa sauti ya muuguzi anayemuuliza mgonjwa kama kweli ameinywa ile dawa ya kuchua.

Akaniambia jina na paswedi vipo kwenye karatasi aliyoiacha fundi. Karatasi! Nilikumbuka fundi, nilikumbuka karatasi, nilikumbuka pia jinsi nilivyoikunja. Mke wangu akaingia chumbani bila kusema neno, akatoka na bahasha kubwa. Juu yake pameandikwa kwa kalamu nzito: VITU AMBAVYO BABA ATATUPA. Ndani mlikuwa na risiti, funguo za akiba, skrubu za kabati nilizosema zimezidi, na karatasi ya fundi, imepigwa pasi.

Mara ya kwanza ikakataa, niliacha nafasi mwishoni mwa jina. Mara ya pili ikawaza, ikawaza, na ile dunia ikageuka kijani. Nilipiga kelele.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Binti akanishauri: rudisha jina lilelile la waifai na paswedi ileile, vifaa vyote vitajiunga vyenyewe. Lakini ushindi ulishanipanda kichwani. Jina la waifai linaruhusu hadi herufi 32, nami nikaandika BABA NI FUNDI. Paswedi inaruhusu hadi 63. Nikaweka 24, zenye alama ya mshangao, asilimia na nyota.

Sasa niulizeni nani aliziingiza kwenye kila kifaa. Simu si tatizo. Televisheni unaandika kwa rimoti: kulia, kulia, chini, kulia, sawa, ukikosea unafuta yote. Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Ina kioo cha mstari mmoja na vishale viwili, na ili uifikie alama ya asilimia lazima upite alfabeti nzima, kubwa na ndogo. Nikaipita, ikateleza mbele, nikazunguka tena. Mwanangu wa mwisho alikuja akakaa karibu, si kusaidia, kutazama tu.

Saa sita usiku vifaa vyote vilikuwa vimeungana. Mke wangu akafungua simu, akasubiri kidogo, akasema taratibu: "Baba. Mbona bado inasuasua?"

Binti akainuka. Akaitoa ruta nyuma ya televisheni, tulikoibana kati ya kabati la chuma na ukuta, akaiweka juu ya rafu, wazi. Video zikaanza kukimbia. Akaenda kulala.

Juzi imesuasua tena, kidogo tu. Nikatafuta pini kwenye droo, sikuona. Kwenye kikapu cha kushonea, hakuna. Mwishoni nikaifungua ile bahasha ili nione risiti kama ruta bado ina dhamana. Pini zote za nyumba hii zimo humo.