Usiniulize nilifunga kufuli gani

Majuzi jioni jirani yangu alinigongea mlango ili nione baiskeli. Ya milimani, kijani kibichi, shokapu mbele na nyuma, breki za mafuta, tairi nene za kupandia mawe. Ile baiskeli ambayo wengi wetu huitazama dukani, tukageuza kibandiko cha bei, tukakirudisha kilivyokuwa na kuondoka kimya kimya. Jirani alikuwa anang'aa kama bwana harusi.

"Kaka, hebu kisia bei."

Nikakisia. Akacheka hadi akashika kiuno, kisha akanitajia robo ya nilichokisema. Robo! Mimi sikucheka.

Nikamwomba ruhusa ya kuigeuza magurudumu juu. Anayejua baiskeli anajua pa kutazama: chini kabisa ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita, ndipo namba hugongwa kwenye chuma. Pale hapakuwa na namba. Palikuwa na sehemu iliyosuguliwa kwa tupa, halafu ikapakwa rangi nyeusi. Nyeusi, kwenye baiskeli ya kijani. Huyo msuguaji hata hakujisumbua kutafuta rangi inayofanana, na kwa nini ajisumbue? Alijua atakayenunua hatainama.

"Ah, hapo," jirani akasema. "Itakuwa aliiangusha."

Naam. Aliiangusha, ikaangukia juu ya tupa.

Hasira yangu ina historia yake. Mwaka jana niliibiwa yangu. Niliiacha kwenye nguzo, gurudumu la mbele nimelifunga barabara kwa kufuli la U zito kama nanga, nikaingia ofisi moja kuchukua karatasi. Dakika ishirini hivi. Niliporudi nilikuta kufuli zima, gurudumu zima, na nguzo nzima. Vingine vyote, kuanzia fremu hadi tandiko, vilikuwa vimeondoka. Mwizi alivuta kile kiwiko cha kufungulia gurudumu, akainua baiskeli, akaenda zake. Hakutumia hata kifaa kimoja. Kile kiwiko alikibuni Tullio Campagnolo, Mwitaliano aliyekuwa mshindani wa mbio za baiskeli, ili mwanamichezo aweze kutoa gurudumu haraka asichelewe. Sasa wanaowahi ni watu wa mchezo mwingine.

Kwa hiyo ndiyo, nilifanya ujinga. Nimekiri, tuendelee. Maana kilichoniudhi zaidi ya wizi wenyewe ni swali lililofuata, na liliulizwa na kila mtu, kwa mpangilio uleule wa maneno, kama wamekaririshwa: "Kwani ulifunga kufuli gani?" Fundi aliniuliza. Wafanyakazi wenzangu waliniuliza. Askari aliyekuwa anaandika maelezo yangu aliinua kalamu na kuniuliza, na nilipomjibu akatikisa kichwa kana kwamba mshtakiwa amepatikana. Hata shangazi yangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kupanda baiskeli, alitaka kujua unene wa chuma.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza: itauzwa kwa nani?

Kufuli lina kazi yake, sibishi. Waya ule mwembamba uliovishwa plastiki ni pambo tu, hukatwa kwa mkasi wa vyuma unaoingia mfukoni. La U ni afadhali, ingawa nalo lina vituko vyake: mwaka 2004 iligundulika kuwa baadhi ya makufuli ya Kryptonite yenye tundu la mviringo yalifunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Kalamu! Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefundisha nusu ya dunia kutengeneza baiskeli kupitia mtandao, alishauri ufunge rimu ya nyuma ndani ya ile pembetatu ya nyuma ya fremu, hapo umezuia gurudumu na fremu kwa pamoja. Ushauri mzuri, nautumia. Ila ujaribu kwenye baiskeli ya milimani yenye tairi la inchi 2.4 na kufuli dogo la U, ndipo utajua kwa nini watu hutukana hadharani. Na ukishafaulu, anakuja mtu na grenda ya betri. Grenda haiulizi kufuli lako lina nyota ngapi. Unachonunua ukinunua kufuli ni dakika, basi, na dakika hizo zina maana pale tu palipo na mtu wa kusimama na kusema "wewe, unafanya nini?" Mara ngapi umeona cheche zinaruka kando ya barabara ukadhani ni fundi bomba?

Turudi kwa mnunuzi, maana ndiye niliyemjia.

Baiskeli ya milimani ni kitu cha ajabu mjini. Ilizaliwa miaka ya 1970 kwenye vilima vya Marin, California, kwa vijana waliotaka kushuka kwa kasi njia za vumbi bila kuvunjika shingo. Mjini kilima kikubwa inachokutana nacho ni ukingo wa barabara. Shokapu zile ni za kuruka mizizi, breki zile ni za kusimama kwenye tope, sisi tunazitumia kwenye taa nyekundu. Nami nimo, sijitoi. Lakini mwizi haoni usafiri pale. Anaona duka la spea lililoegeshwa barabarani: shokapu ya mbele inauzika peke yake, magurudumu peke yake, breki peke yake, gia peke yake, hata ule mhimili wa tandiko unaopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Ikifumuliwa saa moja tu, hakuna tena baiskeli iliyoibwa. Kuna vipande sita visivyo na namba, na kila kimoja kina mtu anayekisubiri akisema "nimepata bei nzuri".

Mwizi mwenyewe haihitaji ile baiskeli. Hapandi milima. Anahitaji fedha leo, kabla jua halijazama, na ndiyo maana anaitoa kwa robo ya bei. Siku nyumba kumi zikimkatalia mlangoni, baiskeli nyingine hataifuata na grenda, maana chuma cha kilo kumi na nne kisichouzika ni mzigo wa kubeba tu. Wahenga walituambia siku za mwizi ni arobaini. Kwa wa baiskeli naona kalenda imesimama siku ya tatu, na aliyeisimamisha ni huyu ndugu yetu mwenye bahati ya kupata vitu rahisi.

Na msiniambie "nilijuaje?" Mlijua. Mtu anayemiliki baiskeli kama ile hawezi kuiuza bila kukuchosha. Muulize swali moja tu, kwamba shokapu ilifanyiwa huduma lini, halafu utafute pa kukaa. Atakueleza mafuta aliyotumia, atakueleza kwa nini aliachana na tyubu akahamia tairi zisizo na tyubu, atakuonyesha mchubuko mmoja wa pedali na hadithi ya siku ulipotokea, atakutumia picha ambazo hukuziomba. Anajua saizi ya fremu yake kama anavyojua namba ya kiatu. Ana pampu maalumu ya shokapu, anataka kukupa na hiyo. Sura yake wakati unaondoka nayo ni ya mtu anayeozesha binti. Mwizi, yeye, anataka mkutane kando ya barabara, ana haraka, hajui saizi, tandiko limeinuliwa kwa mtu mrefu ilhali yeye anafika begani pako, na risiti "iko kwa mke wangu amesafiri". Ukisikia yote hayo ukatoa pesa, hukudanganywa. Ulinunua na uongo wake ndani ya bei ileile.

Kuna watakaosema, na mmoja aliniambia usoni, kuwa maskini naye anahitaji kufika kazini, na baiskeli mpya hazishikiki. Hilo nalikubali, shingo upande. Kuna mtu amenunua chuma chakavu kwa nia njema kabisa na hajui hata namba hugongwa wapi. Sina ugomvi naye. Lakini anayetafuta chombo cha kumfikisha kazini hatafuti shokapu mbili na breki za mafuta. Na aliyeibiwa alikuwa anakwenda wapi, pikiniki? Wengi wanaoibiwa ni wale wasio na gari la akiba nyumbani.

Wenzetu wengine wameliona hili. Japani imefanya usajili wa baiskeli kuwa lazima kisheria tangu 1994: unabandikiwa namba kwenye fremu, na askari anaweza kukusimamisha usiku akalinganisha namba na jina lako. Huko pia baiskeli huibwa, wala sijasema ni peponi, ila mtu anayepanda ya wizi ana sababu ya kutokwa jasho kila akiona kofia ya askari. Marekani kuna Bike Index, daftari la mtandaoni lililoanza mwaka 2013, ambapo yeyote anaweza kutafuta namba bure kabla hajatoa pesa. Dakika moja. Muda mfupi kuliko ule wa kupiga picha baiskeli mpya na kuiweka kwenye status ya simu.

Utrecht, Uholanzi, wao wamejenga maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya stesheni, yenye walinzi. Hongera zao, mimi nina nguzo.

Vile vidude vya kufuatilia mnavyonishauri nifiche chini ya tandiko navijua. Vingi humtahadharisha mtu anayetembea navyo bila kujua, kwa sababu nzuri kabisa ya kuwalinda watu wanaofuatwafuatwa, kwa hiyo mwizi naye hupokea ujumbe wake wa heshima. Na ukishaona kwenye ramani kuwa baiskeli iko nyumba fulani, nenda ukagonge, wewe na simu yako.

Namba ndiyo inayoniuma. Mwaka 2008 polisi wa Toronto, Kanada, waliweka baiskeli za chambo, wakamnasa mwenye duka la baiskeli, na walipofungua maghala yake wakakuta karibu baiskeli 3,000. Elfu tatu! Watu walifika kwa foleni kutafuta zao. Zilizorudi kwa wenyewe zilikuwa sehemu ndogo. Baiskeli zilikuwepo, polisi walikuwepo, wenyewe walikuwepo, lakini utathibitishaje kuwa hiyo nyeusi ni yako na si ya mwenzako mwenye nyeusi? Mali bila daftari huisha bila habari. Nilipoulizwa namba ya yangu pale polisi nilikuwa nayo rangi, jina, na kumbukumbu ya stika ya chura. Askari aliandika "chura".

Kwa hiyo kama umesoma mpaka hapa na una baiskeli, acha kusoma, inuka, igeuze, piga picha namba. Nitakusubiri.

Sasa kuna jambo nililotaka kulinyamazia, lakini sitaweza kulala. Shokapu iliyokuwa kwenye baiskeli yangu, ile iliyoibwa, sikuinunua dukani. Niliinunua kwa kijana mmoja aliyesema ni ya binamu yake aliyeachana na mambo ya baiskeli. Ilikuwa kama mpya. Bei ilikuwa ya kuchekesha, nami nilicheka, nikashika na kiuno. Sikuuliza jina la binamu. Nilimwonyesha kila mtu. Fundi aliyenifungia aliitazama, akanitazama, akasema tu "umebahatika," nami nikalipokea kama pongezi. Ni baada ya kuibiwa, nilipokuwa nazunguka kutafuta yangu kwenye matangazo ya watu, nikikuza picha kutafuta stika ya chura, ndipo nilipokutana na tangazo la zamani la mtu aliyekuwa akitafuta yake, mwenye picha ya shokapu ya aina ileile na rangi ileile. Huenda si yenyewe. Zimetengenezwa nyingi. Sikumpigia. Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa nayo lakini nimeibiwa? Kwa hesabu yangu ile shokapu imeibwa angalau mara mbili, na katikati ya mara hizo mbili niko mimi, nimesimama na tabasamu.

Ndiyo maana jirani sikumpigia kelele kama nilivyotaka. Nilimwambia taratibu kuwa ile namba haikuanguka, imesuguliwa, na kwamba kuna mtu mahali fulani anaulizwa alifunga kufuli gani. Nikamwomba ampigie aliyemuuzia. Akapiga palepale mbele yangu, na namba haikupatikana. Nikamshauri aipeleke polisi. Akakunja uso: "Kaka, nikaipeleke niipoteze na pesa nimetoa?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Ndivyo ilivyo, unaipoteza. Akairudisha baiskeli magurudumu chini, akaifuta vumbi kwa kiganja, polepole, akaingia nayo kwake.

Siku mbili hatukusalimiana. Jana jioni akagonga tena. Alikuwa amekuja kwa upole, mikono nyuma, akasema yaliyopita si ndwele. Kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa baiskeli, nimshauri anunue kufuli gani zuri, maana anasikia eneo letu hili limejaa wezi.