Kimathi ni wetu, na shamba je?

Kwetu Nyeri jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na Waingereza kutoka msituni, halikutajwa watu wakila. Guka, yaani babu, alikuwa ngati, yaani homu gadi, askari wa kijiji upande wa Waingereza wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya miaka ya hamsini, na mpaka anazikwa neno lake lilikuwa moja tu: yule alikuwa mtu wa damu. Shosho, bibi yake, akisikia hivyo anainuka anaenda kuchochea moto hata kama unawaka vizuri.

Simlaumu guka sana. Baada ya Mau Mau kushambulia Lari, Machi 1953, watu kuchomewa ndani ya nyumba na watoto wao, wengi walikimbilia upande wenye bunduki. Hata aliyempiga Kimathi risasi Oktoba 1956 alikuwa Mkikuyu mwenzake, na tarehe 18 Februari 1957 Waingereza wakamnyonga gereza la Kamiti, kaburi halijulikani mpaka leo.

Sasa kuja 2003, serikali ya Kibaki ikaondoa marufuku ya Mau Mau, marufuku ya mzungu ambayo Kenyatta na Moi waliiacha tu ikae. 2007 sanamu ikazinduliwa pale Kimathi Street, bunduki mkono huu kisu mkono ule, na babangu, mtoto wa ngati, akapanda matatu mpaka Nairobi kupiga nayo picha. Iko sebuleni, kando ya ile ya guka na koti lake la kaki. Alafu 2013 Waingereza wakakubali kulipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa, pauni milioni 19.9, hapo ndio nikajua kumbe ukoo wetu mzima ulikuwa msituni! Ankol mmoja akaanza kusema eti guka alikuwa ngati mchana, usiku anapeleka risasi kwa Mau Mau. Wako waliofanya hivyo, ni kweli, lakini shosho alipoulizwa alicheka mpaka akakohoa.

Mimi naona hatujabadilisha maoni yoyote, tumebadilisha tu jina la kutaja mbele ya wageni. Manake kitu chenyewe ni shamba. Wanaume wakiwa wamefungiwa Manyani na kambi zingine, huku nyumbani vipande vya ardhi vilikusanywa na kupimwa upya, na waliosikizwa kwenye hiyo kazi ni watu kama guka. Letu liko tambarare, karibu na mto. La jirani, ambaye babake alirudi kutoka kizuizini akakuta mipaka imeshachorwa, ni mteremko na mawe, hata ng'ombe anasimama akiegemea.

Februari hii baba ametuma picha ya Kimathi kwa grupu ya familia, "shujaa wetu", watu wakaweka mabendera na makofi. Nikauliza hapo hapo, na hiyo ekari ya kando ya mto tulipewa na nani? Wote wamesoma, tiki ni za bluu. Baada ya kama saa moja hivi ankol akatuma video ya kwaya.