Mnyamwezi Majini

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na maji mengi kupita yote niliyowahi kuyaingia utotoni yalikuwa ya ndoo ya lita 20. Nalisema hili mapema kwa sababu pale lilipohitajika kusemwa, sikulisema.

Nilikuwa na mwaka wa tatu Minnesota, kule kaskazini mwa Marekani. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa mmoja: Jumamosi ikifika, yeye na wenzake wanavaa nguo za miaka ya 1700 na kuigiza maisha ya wapiga kasia wa Kifaransa wa Kanada, wale waliosafirisha ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye meno kama ya panya buku, zikatengenezewe kofia za mabwana wa Ulaya. Siku moja akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tanzania. Macho yakamtoka. "Ziwa Victoria!"

Sasa, kutoka kwetu hadi Mwanza ni safari ya kutwa nzima kwenye basi. Lakini mzee alikuwa na furaha mno, nikaona kumkatisha tamaa si adabu. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kitendo hicho nikapangiwa kukaa mbele kabisa ya mtumbwi, mahali pa fundi.

Mke wangu ni Mzaramo. Kama unaujua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ule uliotokana na misafara ya kwenda pwani, utaelewa kwamba wiki ile sikupata pa kupumulia. "Baba Neema, wewe na mtumbwi? Si nyie mlifika Bagamoyo mkaonja bahari, mkauliza nani kazidisha chumvi kwenye supu?"

Nikanyamaza, ila kwa siri nikanunua jaketi la kujiokolea. Si lile nene la sponji. Hili ni jembamba, linakaa shingoni kama kola ya mchungaji, na ndani yake mna kidonge kidogo. Maji yakikigusa, kidonge kinayeyuka, kinafyatua mtungi wa gesi, jaketi linajaa lenyewe. Sheria ya kule inataka kila aliyemo chomboni awe na la kwake, na wenzangu ya kwao waliyaficha chini ya turubai yasije yakaharibu historia. Langu nililivaa ndani ya shati la kitani, juu nikafunga kizibao cha sufu, kiunoni mshipi mwekundu wa kufuma. Nilionekana tajiri mwenye kitambi cha kifuani.

Tulikuwa sita, kwenye mtumbwi wa faiba wenye urefu wa mita saba na nusu, uliopakwa rangi ukafanana na gome la mti wa birch, lile walilotengenezea mitumbwi wapiga kasia wa zamani. Mto ulikuwa mpole kama mchuzi uliopoa. Kapteni (ndivyo tulivyomwita mwalimu) alitueleza kwamba wapiga kasia wa kweli walikwenda mapigo kama 50 kwa dakika, tangu kabla ya alfajiri hadi jioni, na umbali waliupima kwa viko, maana kila baada ya saa moja hivi walitua wakavuta. Sisi hata mapigo 15 sidhani kama tulifika, na tuliupima kwa vikombe vya kahawa. Akaongeza kwamba wengi wao hawakujua kuogelea. Nikajiona ndiye mwanahistoria pekee mle ndani.

Mahali palipokuwa na mawe tulishuka tubebe mizigo nchi kavu, mita 200 hivi. Hapo ndipo nilipoharibikiwa na majivuno. Kapteni akasema wale jamaa walibeba furushi mbili kwa mpigo, kila moja kilo 41, kamba ikipita kwenye paji la uso. Nami nikasimama nikawapa historia ya kwetu: wapagazi wa Kinyamwezi, kilo 30 na ushee begani, kilomita 800 hivi, Tabora hadi Bagamoyo, kwa miguu. Wakanitazama kwa heshima kubwa. Nikainama, nikanyanyua furushi kwa nguvu zote za ukoo, nikaanguka chali. Lilikuwa limejazwa mito ya kulalia.

Usiku tulikula nyama ya nyati iliyokaushwa, ikatwangwa na kuchanganywa na mafuta. Mimi nikatoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, aliyonitumia mama. Yaliisha kabla ya nyama.

Jumapili mchana tukakaribia kituo cha mwisho. Wapiga kasia wa zamani, kabla ya kufika, walitua kwanza wakanawa, wakavaa nguo zao nzuri, ndipo wakaingia wakiimba. Nasi tukafanya hivyo. Ukingoni watu kama 40 walikuwa wanatusubiri, simu juu. Ndipo Kapteni, amesimama nyuma kabisa na kasia la usukani, akapaza sauti: "Mtu wa mbele, shuka!"

Kumbe gome la mti huchanika likigusa changarawe, kwa hiyo mtu wa mbele hutakiwa aruke majini mapema akizuie chombo. Hili hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Mtu wa Ziwa Victoria unamfundisha nini?

Nikatazama maji. Yalikuwa meusi, sioni chini. Watu 40 wananitazama. Nikasimama, nikaweka mguu mmoja ukingoni mwa mtumbwi, nikasita. Mtumbwi haukusita. Ukalala ubavu, Kapteni akatangulia kuingia, mimi nikafuata kichwa mbele.

"Mama weee, nakufa!" Sikumaliza, kidonge kilikuwa kimeshayeyuka. Pssss! Kifua kikafura kama andazi kwenye mafuta. Vifungo vya shaba vya kizibao vikaruka kimoja kimoja, kola ikanikaba, mikono ikasimama pembeni haikunjiki. Nikawa naelea chali, napiga mateke, naaga ndugu.

Mtoto wa miaka sita hivi akaingia majini na ndala zake, koni ya aiskrimu mkononi. Akatembea hadi nilipokuwa, akanitazama kwa huruma. Maji yalimfika magotini.

"Simama," akaniambia.

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akamuuliza Kapteni, aliyekuwa bado amekaa majini na kiko mdomoni, onyesho la pili ni saa ngapi.

Vifungo tulivipata viwili kati ya sita, na video ilifika nyumbani kabla yangu. Nilipofungua mlango mke wangu hakucheka hata kidogo. Alinipokea begi, akanipa pole, akanipeleka taratibu hadi mlango wa bafuni.

"Maji ya kuoga tayari, Baba Neema. Kidonge umebadilisha?"