Watia nia 42, na wale waliostahili kuhesabiwa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, majina ya wanaoutaka urais huanza kutajwa kabla hata vyama havijatoa ratiba, na swali linaloulizwa kila mahali ni lilelile: nani ana nguvu? Kwa maoni yangu, swali la kwanza lingekuwa nani ataamua, katika kikao gani na kwa utaratibu upi. Ukishalijua hilo, majina mengi yanajiondoa yenyewe kwenye orodha, na baadhi ya yale yaliyopuuzwa yanaanza kuonekana.

Mchakato wa CCM wa mwaka 2015 unalionyesha jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote ninaoufahamu. Makada 42 walichukua fomu, 38 wakazirejesha. Kanuni ilidai wadhamini 450 kutoka mikoa 15, na watia nia walizunguka nchi kuwatafuta. Edward Lowassa, aliyetangaza nia Mei 30 katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha mbele ya umati mkubwa, alidhaminiwa na wanachama wengi mno kuliko idadi iliyotakiwa, na wachambuzi wengi wakaichukua idadi hiyo kuwa ushahidi kwamba mambo yamekwisha. Lakini mdhamini hana kura Dodoma, kwenye vikao vya chama vinavyoteua mgombea. Aliyeleta wadhamini 450 na aliyeleta maelfu kwa maelfu walikuwa sawa mbele ya kanuni, na uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Kamati Kuu, chombo chenye wajumbe wachache, ambacho kazi yake ilikuwa kuyapunguza majina yote hayo hadi matano.

Jina la Lowassa likakatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo, na Halmashauri Kuu ilipokutana kuyapunguza majina hayo matano hadi matatu, baadhi ya wajumbe waliimba ukumbini kwamba wana imani na Lowassa. Nalikumbuka tukio hilo kila ninaposoma uchambuzi unaohesabu umati, kwa sababu walioimba walikuwa wajumbe halali wenye kura, ila kura zao zilikuwa za hatua ambayo jina walilolitaka halikuifikia. Sisemi kwamba Lowassa hakuwa na nguvu: miezi michache baadaye, akigombea kupitia CHADEMA kwa kuungwa mkono na vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, alipata karibu asilimia 40 ya kura. Alikuwa mzito mbele ya wapiga kura wa nchi nzima, na mwepesi mbele ya kikao kilichoshika kalamu. Mchambuzi asiyetenganisha mizani hizo mbili anawapotosha wasomaji wake, hata kama kila takwimu anayoitoa ni sahihi.

Kuna dalili nyingine ambayo naiona haikupewa uzito wake. Februari 2014 chama kiliwapa makada sita onyo kali kwa kuanza kampeni mapema, wakiwamo Lowassa, Frederick Sumaye, Bernard Membe na January Makamba. Ilikuwa rahisi kuisoma orodha hiyo kama orodha ya washindani halisi. John Magufuli, ambaye ndiye aliyekuja kuteuliwa, hakuwamo. Kwa jinsi ninavyouelewa mchakato ule, kambi kubwa zilipokamiana kwa muda mrefu, aliyefaidika ni mtu ambaye kila kambi ingeweza kumkubali baada ya mtu wake kuanguka. Hali hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza ndani ya chama, Cleopa Msuya akashika nafasi ya tatu na kutoka, kisha Benjamin Mkapa akashinda duru ya pili. Kwa hiyo mtia nia yeyote ninamuulizia jambo moja: walioshindwa wakitafuta pa kwenda, watakwenda kwake?

Pale ambapo wapiga kura wenyewe ndio wanaochuja, kipimo kinabadilika. Marekani, kamati iliyomuunga mkono Jeb Bush, aliyewania uteuzi wa chama cha Republican, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kufikia katikati ya mwaka 2015, naye akajitoa Februari 2016 bila kushinda jimbo hata moja. Joe Biden, akiwania uteuzi wa chama cha Democratic, alishika nafasi ya nne Iowa na ya tano New Hampshire mwaka 2020, wengi wakamzika kisiasa. Wapiga kura weusi wa South Carolina hawakuwa wamepiga kura bado, na walipopiga, mbio zote zilimgeukia yeye ndani ya siku chache.

Nirudi Dodoma. Katika Mkutano Mkuu wa Julai 2015 Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Wanawake wawili kuingia tatu bora ni jambo ninaloliheshimu sana, lakini pengo hilo linaonyesha kwamba ushindani wenyewe ulikuwa umemalizika kwenye vikao viwili vilivyotangulia. Ningependa waandishi wetu wa habari za siasa, kabla ya kuchapa picha za watu waliojazana uwanjani, watueleze kwanza wajumbe wa vikao hivyo ni akina nani, nani aliwapendekeza na wanamwogopa nani.