Mechi ya Nyota wa NBA haiponywi kwa kubadilisha kanuni

Tarehe 18 Februari 2024, mjini Indianapolis, timu ya Mashariki iliifunga timu ya Magharibi kwa pointi 211 dhidi ya 186, na kwa mara ya kwanza katika Mechi ya Nyota wa NBA, mechi ya maonyesho ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, timu moja ikafikisha pointi 200. Rekodi hiyo haikuleta furaha. Hata kamishna wa ligi, Adam Silver, aliwapongeza washindi kwa maneno machache yasiyo na bashasha, kwani kila mtazamaji alikuwa ameona kwamba hakuna aliyezuia: mwenye mpira alipishwa njia kama bwana harusi.

Tangu hapo ligi imekuwa ikibadilisha mfumo. Mwaka 2025 huko San Francisco ziliundwa timu nne za kucheza mechi fupi ambazo mshindi ni wa kwanza kufikisha pointi 40. Mwaka uliofuata, Inglewood, zikawa timu mbili za Marekani na moja ya Dunia, yaani ya wachezaji wa mataifa mengine. Kwa maoni yangu, ugonjwa hauko kwenye mfumo.

Wanaoamini kanuni hupenda kutaja Chicago, Februari 2020, wiki tatu tu baada ya kifo cha gwiji wa kikapu Kobe Bryant. Saa haikutumika katika robo ya nne. Kwa pointi 133 za timu iliyokuwa ikiongoza ziliongezwa 24, kwa heshima ya namba ya jezi ya Bryant, na mshindi angekuwa wa kwanza kufikisha 157. Ghafla Giannis Antetokounmpo akawa anazuia mitupo ya LeBron James kana kwamba ni fainali, Kyle Lowry akakubali kugongwa ili apate faulo, wachezaji wakabishana na waamuzi, na mchezo ukamalizwa na mtupo huru wa Anthony Davis, 157 kwa 155. Sijaona robo nzuri kuliko ile katika mechi hii.

Lakini kanuni hiyohiyo ilitumika Salt Lake City mwaka 2023, Jayson Tatum akafunga pointi 55, rekodi ya mechi hiyo, na mchezo ukaisha 184 kwa 175 bila ulinzi wa kutajika. Kilichokuwepo Chicago ni msiba wa mtu aliyejulikana kwa kutocheza kwa mzaha, na wenzake waliona aibu kumuenzi kwa mchezo wa kubembeleza. Inglewood nako, Victor Wembanyama alianza kwa kujituma, na wengine wakalazimika kumfuata.

Hoja kwamba wachezaji hawazuii kwa kuogopa majeraha naikubali kwa kiasi, kwa kuwa msimu una mechi 82 na mikataba ni mikubwa. Hata hivyo, kurudi kuzuia na kuinua mikono mbele ya mpigaji hakuvunji goti la mtu. Ligi iuache mfumo mmoja utulie kwa miaka kadhaa, kisha iwape makocha ruhusa ya kumweka benchi nyota yeyote asiyezuia, hata kama ndiye aliyeongoza kwa kura za mashabiki.